Udongo wa Nongkhai na Pafu la Mbuzi

Ukishampasua mbuzi mmoja aliyekufa kwa homa ya mapafu, hutahitaji kuambiwa tena ugonjwa huo ni upi. Kisu kikipita mbavuni, maji ya rangi ya majani makavu yanamwagika kutoka kifuani. Pafu la upande mmoja limegandana na mbavu, unalibandua kwa vidole kama unavyobandua ukoko wa wali. Ni gumu kama ini, na kipande chake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Pafu la upande wa pili mara nyingi ni zima, laini, la waridi, kana kwamba ni la mnyama mwingine.

Wafugaji wa Algeria waliliona hilo zamani. Mwaka 1873, mtaalamu aitwaye Thomas alipoueleza ugonjwa huu katika maandishi ya kitabibu, aliukuta tayari una jina lake la Kiarabu, bou frida, kwa sababu ya lile pafu moja. Mwaka 1881 ukafika Rasi ya Afrika Kusini pamoja na mbuzi wa Angora walioletwa kutoka Uturuki. Huku kwetu Waturkana wanauita loukoi, na Wamaasai wana neno olkipiei. Dawa yake hawakuwa nayo wao, wala hao waliokuwa wakiandika vitabu. Ilikuwa bado imelala ardhini, mbali sana na mbuzi hawa, na safari yake kutoka huko ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kwanza lazima nimtaje ndugu wa ugonjwa huu, homa ya mapafu ya ng'ombe. Mwaka 1853 meli iliyotoka Uholanzi ilitia nanga Mossel Bay, Afrika Kusini, ikiwa na madume ya ng'ombe aina ya Friesian. Dume mmoja alikuwa anakohoa. Katika miaka miwili iliyofuata, ng'ombe zaidi ya 100,000 walikufa katika Rasi, na ugonjwa ukaingia katika mazizi ya Waxhosa, watu ambao ng'ombe kwao alikuwa mahari, sadaka, maziwa na heshima ya ukoo. Katika hofu hiyo binti Nongqawuse alitoa utabiri wake kwamba ng'ombe waliobaki wachinjwe ili wafu wafufuke na mifugo mipya itokee. Kati ya 1856 na 1857 Waxhosa wakachinja ng'ombe wanaokadiriwa kufikia 400,000, na watu wapatao 40,000 wakafa njaa. Wapo wanaousimulia mkasa huo kama habari ya ushirikina tu. Mimi siwezi kuusoma bila kuona kwanza zizi lililojaa ng'ombe wanaohema kwa kunyoosha shingo, na mwenye mali amesimama mlangoni mikono mitupu.

Aliyekuwa akiua alikuwa mdogo kupita kiasi. Mwaka 1898, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Edmond Nocard na Émile Roux walichukua maji ya pafu la ng'ombe mgonjwa, wakayachanganya na mchuzi wa kuoteshea vijidudu, wakayafunga ndani ya vifuko vyembamba vya kolodioni, kisha wakavipachika ndani ya matumbo ya sungura. Kifuko kiliruhusu chakula cha mwili kupenya lakini kiliwazuia askari wa mwili wasiingie. Baada ya majuma kadhaa mchuzi ulikuwa umepata ukungu kidogo kama maji yaliyotiwa tone la maziwa, na chini ya hadubini vilionekana vitone vinavyometameta, vidogo mno hata umbo lake halikuweza kuelezwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu ya maikoplazima.

Maikoplazima ni bakteria asiye na ukuta. Bakteria wengine wamejijengea ganda gumu nje ya utando wao. Huyu ni utando mtupu, laini, unaojibadilisha umbo. Hapo ndipo historia ya dawa inapoingia. Penisilini, iliyookoa maelfu ya askari katika Vita vya Pili vya Dunia na ambayo madaktari wa mifugo waliipokea kwa shangwe vita vilipokwisha, huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta. Ukimchoma penisilini mbuzi mwenye homa ya mapafu, ni kama kumpeleka mbomoaji kwenye hema. Ilihitajika dawa inayoingia ndani na kuharibu kazi ya jikoni.

Mwaka 1949, katika mkoa wa Iloilo nchini Ufilipino, daktari Abelardo Aguilar aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya dawa ya Eli Lilly alichota udongo akautuma makao makuu ya kampuni hiyo, Indianapolis, Marekani. Miaka hiyo kampuni za dawa zilikuwa na njaa ya udongo. Selman Waksman alikuwa ameshaonyesha kwa streptomaisini kwamba bakteria wa ardhini wanaofanana na ukungu, wale wanaoufanya udongo unukie mvua ya kwanza inaponyesha, hutengeneza sumu za kupigania nafasi na wenzao. Kwa hiyo wamisionari, mabaharia na mawakala wa biashara walikuwa wakituma vifurushi vya udongo kutoka kila pembe ya dunia. Katika kifurushi cha Iloilo kundi la J. M. McGuire lilipata bakteria aliyetoa rangi nyekundu, na ndani yake dawa waliyoiita erithromaisini. Mwaka 1952 ilikuwa sokoni kwa jina Ilotycin, na hadi leo jina hilo linabeba silabi za Iloilo.

Aguilar alikuja kudai kwamba yeye na nchi yake wana haki katika faida ya dawa ile. Alifariki mwaka 1993 bila kulipwa mgawo wowote wa mauzo, na familia yake imeendelea kulisema jambo hilo. Mimi naona dai lake lilikuwa la haki. Kisheria huenda udongo hauna mwenyewe, lakini mkono uliouchota ulikuwa na mwenyewe.

Miaka michache baadaye kikaja kifurushi kingine, safari hii kutoka Nongkhai, kaskazini mashariki mwa Thailand, kwenye ukingo wa mto Mekong unaotazamana na Laos. Bakteria aliyekuwamo ni Streptomyces fradiae, jamii ileile ambayo kutoka kwake Waksman alikuwa ameshapata neomaisini. Huyu wa Nongkhai alitoa kitu kingine kabisa, na mwaka 1961 McGuire na wenzake walikitangaza kwa jina la tailosini. Tofauti yake kubwa na ndugu yake wa Iloilo ni njia iliyopewa. Erithromaisini ilikwenda hospitali, kwa mtoto mwenye kifaduro na kwa mgonjwa ambaye penisilini humdhuru. Tailosini ikapelekwa bandani na zizini, ikabaki huko.

Wanakemia walikuwa tayari na jina la ukoo huu. Robert Woodward wa Harvard alikuwa ameziita dawa hizi makrolaidi mwaka 1957, kwa sababu kiini cha kila moja ni pete kubwa ya atomi yenye sukari zilizoning'inia pembeni. Pete ya erithromaisini ina atomi 14, ya tailosini 16. Pete hiyo hupenya ndani ya bakteria na kujibana kwenye ribosomu, mtambo unaoshona protini. Kila ribosomu ina kishimo chembamba ambamo uzi mpya wa protini hutokea kama tambi kwenye mashine. Makrolaidi hukaa kwenye mdomo wa kishimo hicho. Uzi unakwama, kazi inasimama, na bakteria anashindwa kuzaliana wakati kinga ya mwili inammaliza. Ukuta hauhusiki hata kidogo, na ndiyo sababu maikoplazima, aliyeicheka penisilini, hapa alipata kiboko.

Waliofaidi kwanza walikuwa kuku. Katika Marekani ya miaka ya 1950 ufugaji wa kuku ulikuwa umetoka nyuma ya nyumba na kuingia katika mabanda ya maelfu, na humo maikoplazima wa kuku alipata karamu. Kila anayefuga kuku anaujua mlio ule usiku, mkoromo mwembamba kama wa mtu aliyelala na mafua, ukitoka kwanza kona moja ya banda na siku ya tatu kila mahali. Macho yanatoa povu, mayai yanapungua, na kuku mama anaupitisha ugonjwa kwenye yai mpaka kwa kifaranga. Tailosini ikatiwa katika maji ya kunywa, na mkoromo ukatulia. Nguruwe wakafuata, kwa ugonjwa wa kuhara damu, kisha ng'ombe. Baadaye sana, mwaka 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu hata kwa nyuki, dhidi ya ugonjwa unaoyaozesha majana ndani ya masega, kwa sababu bakteria wa ugonjwa huo walikuwa wameanza kuizoea oksitetrasaiklini. Na kwa watoto wa farasi wenye majipu ya mapafu, ilikuwa erithromaisini ikichanganywa na rifampini iliyowatoa kaburini kuanzia miaka ya 1980, ijapokuwa kwa gharama yake: mtoto wa farasi aliyepewa dawa hii hushindwa kutoa jasho, na akiachwa juani mchana joto la mwili linaweza kumwua.

Kama historia ingeishia kwenye matibabu, ningeiandika kwa furaha tupu. Lakini mwaka 1950, huko huko Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle walikuwa wametangaza kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya kutengenezea antibayotiki nyingine, aureomaisini, walinenepa haraka kuliko wenzao. Habari hiyo ilibadili ufugaji wa dunia. Tangu hapo dawa ikawa na kazi mbili, ya kumtibu mgonjwa na ya kumnenepesha mzima. Kwa kazi ya pili haikuhitaji daktari wala kipimo cha homa. Ilitiwa kidogo kidogo katika chakula, gramu chache kwa tani, kila siku, kwa kila mnyama, tangu anapoachishwa ziwa hadi anapopelekwa machinjioni. Tailosini ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno kwa nguruwe. Kwa ng'ombe wa mazizi ya kunenepesha ilipewa sababu nyingine: mnyama aliyeumbwa kula majani akishindiliwa nafaka, tumbo lake la kwanza huwa na asidi, ngozi ya ndani hupata vidonda, bakteria hupenya kwenye damu na kwenda kuotesha majipu kwenye ini. Badala ya kumpunguzia nafaka, akaongezewa dawa.

Dawa inayomfikia bakteria kidogo kidogo kila siku inamfundisha. Baadhi ya bakteria walikuwa na jeni linaloweka kibandiko kidogo cha kemikali palepale kwenye ribosomu pete inapojibana, na pete haishiki tena. Hata Streptomyces aliyeitengeneza dawa hutumia hila ya namna hiyohiyo ili sumu yake isimwue mwenyewe. Ubaya ni kwamba kibandiko kimoja kinazifungia mlango dawa nyingi kwa pamoja. Bakteria wa utumbo wa nguruwe aliyejifunza kuikataa tailosini anakuwa ameikataa na erithromaisini, dawa ya mtoto aliyelazwa hospitali, ambayo hajawahi kuionja. Tena jeni hilo husafiri. Linaruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na mwingine huyo anaweza kuwa kwenye nyama, kwenye samadi, au kwenye mkono wa anayefagia banda.

Denmark ndiyo iliyoamua kuangalia kwa makini. Nchi hiyo ndogo ilikuwa ikichinja nguruwe zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, wengi kuliko watu wake mara nne. Mwaka 1995 ilianzisha mpango uitwao DANMAP, wa kuhesabu kila mwaka dawa zinazotumika kwa mifugo na kwa watu, na kupima bakteria wa nguruwe, wa kuku, wa nyama ya dukani na wa wagonjwa hospitalini. Sielewi kwa nini kitu cha kawaida kiasi hicho kilichelewa kwa miaka 40 na zaidi. Desemba 1998 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku viuavijasumu vinne vya kunenepeshea wanyama, viwili kati yake vikiwa makrolaidi: tailosini na spiramaisini. Wafugaji wa Denmark walikuwa wameshaanza wenyewe mwaka huo kuwaondolea nguruwe wakubwa, na kufikia mwisho wa 1999 wakawaondolea na wadogo walioachishwa ziwa.

Wadogo walihara zaidi, hilo lisifichwe, na dawa za tiba ziliongezeka kwa muda. Lakini ufugaji haukuanguka, na Frank Aarestrup na wenzake, walipopima bakteria wa utumbo wa nguruwe hao, waliona usugu dhidi ya erithromaisini umeshuka sana katika miaka michache tu. Ardhi iliyochoka ilikuwa imepumzishwa kidogo, ikaanza kurudisha rutuba. Mwaka 2006 Ulaya ikavipiga marufuku viuavijasumu vyote vya kunenepeshea. Marekani ilisubiri hadi 2017 kuondoa matumizi hayo kwa dawa ambazo binadamu anazihitaji. Tailosini ya kuzuia majipu ya ini bado inaruhusiwa huko, kwa hati ya daktari wa mifugo.

Wakati huo ukoo wa makrolaidi ulikuwa unazaa. Kutoka kwenye tailosini ilitengenezwa tilmikosini, iliyoruhusiwa kwa ng'ombe Marekani mwaka 1992, sindano moja inayokwenda kujikusanya mapafuni. Ni dawa ya kuogopwa. Hugusa moyo, na wapo watu waliofariki baada ya ng'ombe kurusha teke na sindano kuwachoma wao. Haina dawa ya kuipinga. Tena kwa mbuzi ni marufuku kabisa, inamwua. Naliandika hili nikijua kuna mfugaji atakayefikiri kwamba dawa ya mapafu ya ng'ombe lazima itamfaa na mbuzi. Kutoka mjini Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati ule, wanakemia wa kampuni ya Pliva waliingiza atomi ya naitrojeni ndani ya pete ya erithromaisini mwaka 1980 na kupata azithromaisini, na kwa mfano huo ikaja tulathromaisini ya ng'ombe na nguruwe. Hizi ni dawa za bei, na katika maboma mengi ya huku bado ni hadithi.

Narudi kwa mbuzi. Kwa miaka mingi wataalamu walimlaumu bakteria asiyehusika na homa yao ya mapafu. Mwaka 1976 MacOwan na Minette, wakifanya kazi Kenya, walifanikiwa kumwotesha maikoplazima mgumu wa kulisha, anayekua taratibu, wakampa namba F38. Ndiye mwenyewe. Mwaka 1987, Kenya hiyohiyo, Rurangirwa na wenzake wakaeleza chanjo iliyotengenezwa kwa F38 aliyeuawa na kuchanganywa na saponini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ukathibitishwa rasmi Tanzania, ingawa wazee wa kifugaji hawakuhitaji uthibitisho huo. Chanjo ipo, lakini mara nyingi haipo pale mbuzi walipo. Mbuzi wakianza kukohoa, linalobaki ni kichupa cha maji ya manjano kwenye rafu ya duka la dawa za mifugo, na mara nyingi kilichoandikwa ubavuni ni tailosini, miligramu 200 kwa kila mililita.

Hesabu yake ni rahisi kwa aliyefundishwa: miligramu 10 kwa kila kilo ya mnyama, kwa siku tatu. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji mililita moja na nusu kila siku. Shida ni kwamba kichupa kina bei na kundi lina mbuzi 60. Mama mwenye mbuzi hao anaigawa dawa kama anavyogawa unga wakati wa njaa, kila mmoja apate angalau kidogo, siku moja tu. Wanapata nafuu, wanasimama, wanakula. Juma la pili wanaanza kukohoa upya. Simlaumu. Aliyemuuzia bila kumweleza ndiye ninayemlaumu, na zaidi yake, utaratibu ulioacha daktari mmoja wa mifugo kwa eneo ambalo pikipiki hailimalizi kwa juma zima.

Kwa ng'ombe jambo ni zito zaidi. Wakuu wa afya ya mifugo kwa miaka mingi walikataza homa ya mapafu ya ng'ombe kutibiwa kwa antibayotiki, kwa hofu kwamba mnyama aliyetibiwa nusu hubaki na kipande cha pafu lililokufa, kimezungushiwa ukuta wa kovu, na ndani yake maikoplazima anaishi kwa miezi akisubiri. Hofu hiyo ina msingi. Lakini katazo hilo liliandikwa na watu wanaoweza kuchinja kundi zima na kumlipa mwenye kundi. Pale ambapo fidia haijawahi kufika, wafugaji walitibu kwa siri, gizani, bila mtu wa kuwasahihisha kipimo.

Jioni moja katika boma la mkoa wa Manyara, mganga wa mifugo niliyefuatana naye alikuwa na mbuzi mmoja kati ya magoti yake. Ilikuwa sindano ya siku ya tatu. Dawa ile ni nzito, inaingia polepole na inauma. Mbuzi alilia kwa sauti ya mtoto.

"Daktari, maziwa yake yakoje?" aliuliza mwenye boma, mzee aliyekuwa amekaa juu ya dumu lililopinduliwa.

"Bado, mzee wangu. Mpaka siku zilizoandikwa hapa ziishe. Wala msimchinje."

Mzee aliomba kichupa, akakitazama, akampa mjukuu wake amsomee. Mtoto akasoma namba kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Kisha mzee akachomoa uzi mwekundu kutoka kwenye pindo la shuka lake, akaufunga kwenye pembe ya mbuzi yule, akapiga fundo moja kwa kila siku. Mbuzi alipoachiwa alijitikisa, akakohoa mara moja, akaenda kung'ata majani ya mgunga upande wa pili wa zizi.